Biskuti za tangawizi na watoto: maumbo, madonge, gogo au trei?

Mtu akiamua kuoka biskuti za tangawizi na watoto, anachokiwaza kwanza ni vile vijitu vya kahawia vyenye macho ya aisingi, vimelala safu kwenye trei. Ananunua vikatio, anachanganya unga, anawaita watoto. Baada ya nusu saa mmoja analia kwa sababu mguu wa kijitu chake umekatika, mwingine ameshatoka nje kucheza, na mzazi amebaki peke yake mezani anamalizia kazi. Biskuti zinatoka nzuri sana, ila watoto hawakuzioka.

Vikatio havina kosa lolote. Tatizo ni kwamba wengi hawajui kuwa unga uleule, kwa mabadiliko madogo tu, unaokwa kwa njia nne tofauti, na kila njia inadai mikono ya namna yake na subira ya namna yake. Kwa hiyo anayesitasita kati ya njia hizi namshauri atazame kwanza watoto alio nao na saa alizo nazo. Sura ya biskuti ifuate baadaye.

## Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni mikono: kazi kiasi gani mtoto ataifanya mwenyewe bila mtu mzima kuipitia upya. Hiki nakipa uzito kuliko vingine vyote. Cha pili ni kusubiri, maana unga ukilala kwenye friji saa nzima, hamu ya mtoto nayo hupoa. Cha tatu ni jinsi unga unavyosamehe, yaani donge likiwa kubwa mno au unga ukisukumwa mara nyingi, je, biskuti bado italika? Cha nne ni vifaa na usafi wa jikoni. Cha tano ni biskuti yenyewe: inavyotafunika, inavyopambika na inavyokaa.

Usalama nimeuweka kando kwa sababu unazihusu njia zote nne karibu sawa.

## Unga mmoja, njia nne

Viambato vya msingi ni unga wa ngano gramu 350, siagi iliyolainika gramu 120, sukari ya kahawia gramu 150, yai moja, asali au molasi (shira nzito ya miwa) vijiko vikubwa 4, beking soda kijiko 1 cha chai, tangawizi ya unga vijiko 2 vya chai, mdalasini kijiko 1 cha chai, karafuu ya kusaga robo kijiko cha chai, na chumvi kidogo. Chekecha ngano pamoja na beking soda, chumvi na viungo. Kwenye bakuli jingine piga siagi na sukari mpaka zishikane, tia yai, tia asali, kisha ongeza ngano na uchanganye kwa mwiko hadi usione tena unga mkavu. Hapo simama. Unga huu haukandwi kwa nguvu kama wa chapati. Ukikandwa sana, gluteni, yaani protini ya ngano inayovutika, inakaza na biskuti inatoka ngumu.

Tangawizi iwe ya unga. Mbichi ina maji mengi na itaufanya unga unate kwenye vidole vya watoto. Tena kavu ndiyo kali zaidi: tangawizi inapokaushwa, sehemu ya gingeroli inayoipa ukali wake hubadilika kuwa shogaoli, ambayo huwasha kuliko hiyo ya mwanzo. Vijiko viwili vinawatosha watoto wasiozoea. Waliozoea wataomba cha tatu. Karafuu, kwa upande wake, usiizidishe hata kidogo. Ina yujenoli, inayotia ulimi ganzi, na mtoto akikutana na biskuti moja yenye karafuu nyingi atazikataa zote.

Sasa njia zenyewe.

Ya maumbo: unga unasukumwa hadi unene wa milimita 4 au 5, unakatwa kwa vikatio, kisha unaokwa kwa nyuzijoto 180 za Selsiasi dakika 9 hadi 12.

Ya madonge: ngano inapunguzwa hadi gramu 300 na beking soda inaongezwa hadi kijiko kimoja na nusu. Kila donge huwa na gramu 20 hivi, upana wa sentimita 3. Linaviringishwa kwenye sukari nyeupe na kuokwa kwa joto lilelile dakika 10 au 11, na kati ya donge na donge paachwe sentimita 5.

Ya gogo: unga wa msingi, wenye gramu 350 za ngano, unafinyangwa uwe gogo lenye upana wa sentimita 4 au 5, unawekwa kwenye friji hadi ukaze, kisha unakatwa visahani vya nusu sentimita na kuokwa dakika 9 hadi 11.

Ya trei: unga wenye gramu 300 za ngano unabonyezwa wote kwenye trei ya sentimita 20 kwa 30, unene wa kama sentimita moja, unaokwa dakika 18 hadi 22, halafu unakatwa miraba.

## Mikono ya mtoto

Kwenye maumbo, kazi iliyo ngumu ni ya kusukuma. Unga uliotoka kwenye friji unataka uzito wa mabega, na mtoto wa miaka mitatu atapitisha kifimbo juu yake mara kumi bila unga kutanuka hata kidole. Kubonyeza kikatio, hapo ndipo furaha yake ilipo, na anaweza vizuri kabisa. Balaa huja wakati wa kuinua. Mwili wa kijitu unatoka mezani, mguu mmoja unabaki umeng'ang'ania, na ule uliotoka unaning'inia na kurefuka mkononi mwake mpaka unakatika gotini. Dawa yake ni rahisi na ningetamani iandikwe juu ya kila pakiti ya vikatio: unga usukumwe moja kwa moja juu ya karatasi ya kuokea. Mtoto abonyeze maumbo, akiacha nafasi ya kutosha kati yake, kisha badala ya kuinua maumbo aondoe mabaki yanayoyazunguka. Maumbo yanabaki palepale yalipokatwa, na karatasi nzima inahamishwa na kuwekwa kwenye trei. Kwa mpango huo, mtoto wa miaka mitatu au minne anashiriki bila machozi, mradi mtu mzima amemsukumia.

Kuanzia miaka sita hivi wengi wanaweza kusukuma wenyewe. Wasaidie kwa kuweka vijiti viwili vya unene mmoja, kimoja kulia na kimoja kushoto ya unga, kifimbo kipite juu ya vijiti hivyo. Unga utatoka sawa pande zote hata kama mkono wa mtoto haulingani nguvu.

Madonge ndiyo njia ambayo mtoto mdogo anaifanya yote, mwanzo hadi mwisho: anachota, anaviringisha, anadumbukiza kwenye sukari, anapanga. Ukimwachia bila maelekezo atasugua viganja mbele na nyuma, na donge litarefuka kama kidole. Mwonyeshe kuzungusha viganja, mkono wa juu ukienda duara polepole, wa chini ukitulia. Wengi wanapata ufundi huo baada ya madonge machache, na ukimtazama usoni utaona amejua kwamba amepata. Wakubwa kidogo wape mizani. Kuchota unga mpaka namba isome 20 ni mchezo unaowashika kuliko unavyodhani, na tena unafanya biskuti ziive pamoja.

Kwenye gogo, mtoto anafinyanga na kuviringisha juu ya karatasi, kazi anayoipenda, lakini ya dakika chache tu. Inayofuata ni ya kisu, na kisu kwa wadogo ni cha mtu mzima. Mwenye miaka minane au tisa aliyezoea kisu anaweza kukata akiwa na mkubwa pembeni. Watoto wakiwa watatu, gawa unga magogo matatu madogo, maana gogo moja huishia kwa mwenye sauti kubwa.

Trei inamfaa hata wa miaka miwili. Anabonyeza kwa viganja, kwa vidole, kwa kitako cha kikombe, na hakuna namna ya kubonyeza vibaya. Ila kazi inaisha upesi. Wa miaka saba atakuuliza, "Basi? Ndiyo imekwisha?" na ana haki ya kuuliza.

## Kusubiri

Maumbo yanahitaji unga baridi. Siagi ikiwa laini, inayeyuka kwenye oveni kabla kingo za biskuti hazijashika, na nyota inatoka duara. Unga ulale kwenye friji angalau saa moja, na upapase uwe bapa kabla ya kuuweka, maana tonge nene hupoa nje na kubaki vuguvugu katikati. Muda huo pia unaipa ngano nafasi ya kunywa unyevu, unga unapunguza kunata. Maumbo yakishakatwa, yarudi kwenye baridi dakika 15 kama yana mikono na miguu myembamba. Ukijumlisha na kuoka, na kupoa kabisa kabla ya kupambwa, asubuhi yote imekwenda.

Njia ya kuukwepa muda huo ni kuchanganya unga jana yake bila watoto, au pamoja nao jioni kisha mlale. Unga unakaa siku tatu kwenye friji bila tatizo. Kwa watoto wadogo ningesema hili ni la lazima: wakutane na unga ulio tayari kukatwa.

Madonge hayasubiri. Jikoni kukiwa na joto kali na unga unanata, nusu saa ya friji inatosha. Kinachochosha ni matokeo ya wingi: unga huu unatoa madonge kama 35, na kwa kuwa yanatanuka, trei moja hubeba 12 hivi, kwa hiyo ni mizunguko mitatu ya oveni.

Gogo ndilo linalosubiri kuliko yote, saa mbili kwa uchache. Lakini kusubiri kwake ni kwa faida. Linafinyangwa Ijumaa, linaokwa Jumapili. Nusu linaokwa leo, nusu linahifadhiwa kwenye friza hadi miezi mitatu na kukatwa siku mgeni akija. Kati ya njia nyingine, ni madonge tu yanayokaribia kugawanyika hivyo.

Trei inaingia oveni mara tu baada ya kubonyezwa, na inaiva yote kwa mkupuo mmoja. Tangu kutoa bakuli kabatini hadi kula haifiki saa moja na nusu.

## Unga unavyosamehe

Unga wa maumbo husamehe kidogo. Kila mabaki yanapokusanywa na kusukumwa tena, gluteni inakaza na unga mkavu wa mezani unaingia ndani, hivyo biskuti za mkato wa kwanza ni laini kuliko za mkato wa nne. Watoto nao hupenda sana kukusanya na kusukuma upya. Waache wafanye hivyo mara mbili. Mabaki ya mwisho yaviringishwe madonge, yabonyezwe kidogo kwa uma, yaokwe pembeni. Hayatapasuka kama madonge ya kweli kwa sababu ngano ni nyingi, lakini yanalika vizuri na hakuna kinachotupwa.

Madonge yanasamehe karibu kila kitu. Lililo bapa, lililo refu, lenye alama ya kidole, yote yanatanuka na kuwa duara. Kosa moja tu ndilo lenye gharama, nalo ni kuchanganya makubwa na madogo kwenye trei moja: madogo yanaungua wakati makubwa bado mabichi katikati. Wapangie watoto trei ya madonge makubwa na trei ya madogo, na hawatajali.

Gogo hulala upande mmoja kwenye friji na kutoka bapa chini. Ligeuze mara mbili tatu ndani ya saa ya kwanza. Likikatwa kabla halijakaza vya kutosha, visahani vinaminyika, lakini kidole kinavirudisha.

Trei ina shida ya pembe kukauka na katikati kubaki mbichi, hasa watoto wakirundika unga katikati. Pitisha kiganja chako mara moja mwishoni, hilo tu. Karatasi iwe ndefu na izidi kingo mbili za trei ili uinue kipande kizima. Kisha kata kikiwa bado cha moto wastani, dakika kumi hivi baada ya kutoka; kikipoa kabisa kinapasuka ovyo chini ya kisu.

Jambo moja linazihusu zote, na ndilo linaloharibu biskuti nyingi za tangawizi kuliko kosa lolote la mtoto. Unga huu ni wa kahawia tangu mwanzo, kwa hiyo rangi haikuambii kwamba umeiva. Watu wanasubiri biskuti iwe ngumu ndani ya oveni. Biskuti inakaza inapopoa. Itoe kingo zikiwa zimeshika na katikati kukiwa bado laini ukigusa kidogo, iache kwenye trei dakika tano, ndipo uihamishe. Kwa ile ya trei, tazama kingo zikianza kuachana na karatasi.

## Vifaa na usafi

Hapa tofauti si kubwa. Maumbo yanataka kifimbo, meza pana na vikatio. Vikatio visipokuwepo, mdomo wa glasi hukata duara na kisu hukata almasi na miraba. Unga mkavu utasambaa, jiandae kufagia. Madonge yanataka bakuli mbili tu, na kitakachofagiliwa ni sukari. Gogo ni safi kuliko yote kwa kuwa kila kitu kinafanyika ndani ya karatasi. Trei inataka trei yenye kingo, basi. Mwenye oveni ndogo inayobeba trei moja afikirie zaidi gogo au trei, kwa sababu mizunguko mitatu ya madonge kwenye oveni ndogo huwachosha watoto hata kama kuviringisha kuliwafurahisha.

## Biskuti yenyewe

Za maumbo ni kavu, zinakatika kwa mlio, na ndizo zinazokaa muda mrefu: wiki mbili au zaidi kwenye kopo lisilopitisha hewa. Uso wake ni bapa, kwa hiyo ndizo hasa za kupambwa. Ukitoboa tundu kwa mrija kabla ya kuoka, zinatungika kwenye uzi.

Za madonge ni laini ndani na zina nyufa nzuri juu. Nyufa hizo zina sababu yake: sukari ya nje inakausha uso wa donge mapema, huku beking soda ikikutana na asidi ya asali au molasi na kutoa gesi ndani, ndani kunapanda, juu kumeshakauka, pale juu panapasuka. Ukiwa na oveni yenye kioo na taa, waketishe watoto mbele yake kwa umbali salama kuanzia dakika ya sita. Madonge hujilegeza kwanza, yanatanuka, kisha nyufa zinafunguka moja moja na sukari inatengana. Watoto walioviringisha madonge hayo wanayatambua yao na kuyataja. Kwa mtazamo wangu hii ndiyo dakika nzuri kuliko zote katika kazi nzima, na njia nyingine hazina kitu kama hicho. Biskuti hizi zinabaki laini siku nne au tano. Aisingi haikai vizuri juu ya nyufa, nazo hazihitaji.

Za gogo zinafanana na za maumbo kwa utafunaji, ila zote ni duara. Zinafaa kubandikwa mbili mbili na kitu katikati. Mtoto anayetaka kuona kazi ya mkono wake kwenye kila biskuti anaweza kuona zinafanana mno.

Za trei ni nene na zenye kuvutika kidogo mdomoni, ladha ya tangawizi inajitokeza zaidi kwa kuwa kipande ni kinene. Aisingi nyembamba inamwagwa juu ya kipande kizima kabla au baada ya kukata. Hukaa siku nne hadi tano pia.

## Kuhusu mapambo

Kama watoto wanangojea mapambo, basi njia ni maumbo au gogo, na biskuti lazima zipoe kabisa, la sivyo aisingi itayeyuka na kutiririka. Changanya sukari laini ya aisingi gramu 100 na kijiko kikubwa kimoja cha maji au maji ya limao, ukiongeza tone kwa tone mpaka iwe nzito kama inavyotakiwa kuchorea. Aisingi ya ute mbichi wa yai inakauka ngumu zaidi, lakini kwa watoto wadogo sioni sababu ya kuingiza yai bichi mahali ambapo maji yanatosha. Iweke kwenye kifuko cha plastiki, kata ncha ndogo kabisa, funga mdomo kwa mpira ili isitokee juu.

Mpe kila mtoto biskuti zake chache, tano au sita, na nyingine ziachwe bila kitu. Akipewa thelathini, za mwisho anazimwagia tu ili amalize. Na alichokichora kisirekebishwe na mtu mzima. Jicho likiwa shavuni, liache shavuni.

Peremende ndogo ngumu na karanga nzima zisitumike kwa watoto wa chini ya miaka minne au mitano, kwa kuwa zinaweza kuwakaba.

## Usalama, kwa njia zote

Watoto wataonja unga mbichi, hilo ni hakika, na wengi hudhani hatari ni yai peke yake. Yai bichi linaweza kuwa na salmonela, ni kweli, lakini ngano mbichi nayo ni chakula ambacho hakijapikwa na inaweza kubeba bakteria wa kuumiza tumbo, akiwemo E. koli. Kwa hiyo kuacha yai hakuufanyi unga uwe salama kuonjwa. Weka pembeni kitu cha kutafuna mikono ikiwa kazini, tunda lililokatwa kwa mfano, na nawaweni mikono kabla na baada. Hatari ya kuonja ni kubwa zaidi kwenye madonge na trei kwa sababu hizo hufanywa na wadogo zaidi na mikono inazama kwenye unga.

Asali haitakiwi kwa mtoto wa chini ya miezi 12, hata kama imeokwa. Kama kuna mchanga nyumbani, biskuti hizi si zake. Uliza mapema kuhusu mzio wa ngano, mayai na maziwa ukialika watoto wa wengine. Oveni, trei ya moto na kisu ni vya mtu mzima, na ni vizuri kuchora mpaka wa wazi sakafuni, kwa mfano mstari wa vigae ambao hakuna mtoto anayeuvuka mlango wa oveni ukifunguliwa.

## Uchague ipi?

Una mtoto mmoja au wawili wa chini ya miaka mitatu, na muda wa saa moja na ushee: chukua trei. Atabonyeza, atanawa, atakula siku hiyohiyo.

Watoto wana miaka mitatu hadi sita na unataka kazi iwe yao kweli: madonge. Kama oveni yako ni ndogo, oka trei mbili na yaliyobaki yagandishe yakiwa madonge tayari kwenye friza. Siku nyingine yataingia oveni yakiwa bado magumu, ukiongeza dakika moja au mbili.

Watoto wana miaka sita na kuendelea, wanapenda kuchora, na mna asubuhi nzima bila haraka: maumbo, unga ukiwa umechanganywa jana yake. Hali ikiwa hiyo lakini wewe umechoka au una kazi nyingine pembeni, usianze maumbo. Yanataka mtu mzima aliye mezani muda wote.

Muda wako unakuja vipande vipande, nusu saa leo na nusu saa keshokutwa, au unatarajia wageni na hujui siku: gogo. Linafaa pia kwa mtoto mkubwa anayejifunza kutumia kisu, kwa sababu unga uliokaza vizuri haukimbii chini ya kisu na kila kipande kinamwonyesha papo hapo kama mkono wake ulikwenda wima.

Kundi kubwa, watoto wanane au zaidi: trei au madonge. Kwa madonge, kila mmoja apewe kibakuli chake chenye unga wa madonge manne, karatasi iandikwe herufi ya jina lake kwa penseli upande wa chini, karibu na madonge yake, herufi ionekane kwa kupenya karatasi. Ugomvi wa "hii ni yangu" unaisha kabla haujaanza.

Na kama nyumbani kuna wa miaka tisa na wa miaka mitatu pamoja, usilazimishe njia moja. Tengeneza unga wa msingi wenye gramu 350. Mkubwa asukume na kukata, mabaki ya kila mkato yapelekwe kwa mdogo aviringishe, achovye kwenye sukari na kubonyeza kwa uma. Okeni kwenye trei mbili tofauti, za mdogo zikipewa dakika mbili zaidi kwa kuwa ni nene.